VS Code Ikigoma Kufunguka, Usikimbilie Kuifuta

Kijana mmoja wa chuo alikuja kibandani kwangu hapa Kaloleni, Arusha, laptopu kwapani. "Shikamoo fundi. VS Code (programu ya kuandikia kodi, yaani maandishi ya programu za kompyuta) haifunguki. Nimeifuta na kuiweka upya mara tatu." Kila mara karibu MB 100 za bando. Pole, mdogo wangu. Ukiiondoa VS Code kwenye Windows, inayoondoka ni programu yenyewe. Mipangilio yako inabaki kwenye folda nyingine, na ugonjwa mara nyingi umo humo. Umebadilisha sufuria, ukamimina mchuzi uleule uliochacha.

Fuata mpangilio huu. Unaanza na yasiyo na madhara.

1. Funga zilizokwama. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Itafunguka Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea. Ukiona Visual Studio Code kwenye orodha ilhali hakuna dirisha lolote, zifunge zote, kisha jaribu tena. Ukibofya alama wakati nyingine iko hai, ombi lako linapelekwa kwa hiyo hiyo iliyokwama, nawe unabaki unatazama skrini. Kisha fungua File Explorer, angalia nafasi iliyobaki ya diski C. Ikijaa pomoni, usitegemee muujiza.

2. Iite kwa amri. Bonyeza Windows+R, andika `cmd`, kisha:

`code --verbose`

Yatamiminika maandishi mengi. Usiyasome yote, tafuta mistari yenye neno "error" na uinakili mahali.

Ukiambiwa amri haijulikani, fungua `%LOCALAPPDATA%\Programs\Microsoft VS Code` uone kama `Code.exe` ipo. Ikiwepo, amri tu ndiyo haikuunganishwa wakati wa kuweka programu. Endelea kwa kuingia, kwa amri ya `cd`, kwenye folda ndogo ya `bin` iliyomo humo, uandike amri zinazofuata ukiwa humo. Isipokuwepo, huenda sasisho lilikatika njiani. Hilo huku kwetu halishangazi: laptopu betri imekufa, inaishi kwa waya, umeme unakatika katikati ya kazi. Hapo ndipo kuiweka upya kuna maana, tena juu ya ile ya zamani bila kufuta chochote.

Wenye laptopu za mtumba zenye Windows 7, toleo la mwisho kwenu ni 1.70. Windows 8 na 8.1 mwisho ni 1.79. Ukiweka jipya zaidi utasumbuka bure.

3. Jaribu bila kadi ya picha.

`code --disable-gpu`

VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake kuna injini ileile ya Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, na draiva mbovu (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha huiangusha au huleta dirisha jeusi tupu. Ikifunguka kwa njia hii, nenda kwenye folda yako ya mtumiaji, fungua `.vscode\argv.json`, ongeza `"disable-hardware-acceleration": true`. Angalia koma! Koma moja ikikosewa, faili zima halisomeki.

4. Jaribu bila ekstensheni, yaani vile viongezo ulivyoviweka ndani ya VS Code. `code --disable-extensions`. Ikifunguka, mkosaji yumo kati yao. Zizime nusu, jaribu, endelea kugawa hadi umpate.

5. Folda ya data. Hapa ndipo watu wanapoumizana, kwa hiyo nenda taratibu. Kwanza pima:

`code --user-data-dir "%TEMP%\jaribio"`

Amri hiyo inaifungua VS Code kama mgeni asiye na historia. Ikifunguka, basi ubovu uko kwenye `%APPDATA%\Code` (kwa Linux, `~/.config/Code`). Utashauriwa na kila mtu uifute folda hiyo. Usifute. Funga VS Code, kisha badilisha jina liwe `Code-zamani`. Ukiiwasha tena itajitengenezea nyingine safi.

Kwa nini ninang'ang'ania? Kwa sababu ndani ya folda ile kuna `Backups`. VS Code ikifungwa ukiwa na kazi ambayo hukuihifadhi, kwa kawaida haikuulizi kitu. Inaiweka humo kimyakimya ili ikurudishie kesho. Kuna pia `User\History`, yenye matoleo ya nyuma ya mafaili uliyokuwa ukiyahifadhi. Nimeshaona mtu akifuta vyote kwa sekunde tatu kisha akaniuliza kama kuna programu ya kurudisha. Nilimpa soda.

Mpya ikishafunguka, rudisha kutoka `Code-zamani\User` faili la `settings.json` (mipangilio yako) na folda ya `snippets` (vipande vya kodi ulivyojiwekea), kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. `globalStorage` iache ilipo. Hifadhidata ya `state.vscdb` iliyomo humo ndiyo ninayoishuku kwanza mashine ikizimika ghafla.

Ya kijana wetu iliishia hatua hii. Tuliingia `Code-zamani\Backups`, tukakuta mafaili yenye majina ya tarakimu na herufi zisizosomeka. Yafungue kwa Notepad: mstari wa kwanza unaonyesha faili lilikotoka, yanayofuata ni kodi yako kama ulivyoiacha. Alipata kurasa mbili za PHP alizodhani zimepotea, akazinakili kwenye flashi hapohapo, na kabla hajaondoka nikamwonyesha Auto Save, inayohifadhi kazi yenyewe, iko wapi kwenye menyu ya File.