Ukiwa Mzumbe, Jumamosi panda Mgeta kwanza

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wanaokuja kuchapisha kazi zao kwangu hapa Changarawe, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, huniuliza: wikiendi mtu aende wapi? Wengi wameshajijibu wenyewe. Wanapanda gari hadi Msamvu, stendi ya Morogoro mjini, wanakula chipsi mayai, wanarudi jioni wakilalamika kwamba chuo kiko porini. Mimi nilisoma hapa, nikamaliza, nikabaki na steshenari yangu, na ninachowaambia ni kilekile: mjini utakwenda tu, hata kwa kufuata chaja ya simu. Anza na upande wa pili.

Barabara inayokuleta chuoni kutoka Sangasanga, pale njia panda ya barabara kuu ya Iringa, haiishii kwetu. Inaendelea hadi Mlali, kwenye bustani za nyanya na vitunguu, kisha inaanza kupanda milima ya Uluguru kwa kona ambazo hutaki kumwona dereva akiongea na simu. Huko juu ndiko Mgeta. Gari hujaza mjini, kwa hiyo zikipita huku nafasi ni za kubanana. Ukitaka kiti cha maana, amka mapema. Beba sweta. Hapa chini unaweza kuwa unajipepea na daftari, lakini Mgeta ya Juni na Julai inauma. Na kabla hujashuka, muulize konda gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Usimuulize abiria mwenzako, yeye anarudi kwao.

Ukifika, tembea kwa miguu. Mashamba yamekatwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko: kabichi, karoti, njegere, viazi. Usidhani Waluguru walipokea kila ngazi kwa furaha. Wakoloni walipowalazimisha kuchimba matuta, mwaka 1955 kulizuka ghasia upande wa Matombo, mashariki mwa milima hii. Wanaosoma utawala wa serikali za mitaa watakutana na mambo ya namna hiyo darasani. Afadhali waone kwanza mteremko wenyewe. Chuo hiki, kwani, mwaka 1953 kilianza kama shule ya kufundisha watu wa serikali za mitaa.

Utaona pia mbuzi wa maziwa. Asili yao ni Norwe, na waliletwa miaka ya 1980 kwa mkono wa wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukipata maziwa yake, yachemshe kwanza. Msimu ukikubali kuna plamsi na mapeasi, na bei ya kule si ya sokoni mjini, ila usinunue ndoo nzima kama hujui utaishikaje kwenye gari.

Ukiwa na nguvu, fika hadi Bunduki ukaone maporomoko ya Hululu, maji yanayoanguka kama mita 40. Mtafute kijana wa kijiji akuongoze, mkubaliane malipo kabla ya safari, na uvae viatu vyenye meno. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mimi siendi: njia inateleza na barabara haitabiriki. Na ukitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi wenyewe, pitia kwanza ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, upate kibali. Wa Dar msiwe na haraka ya kuuona msitu huu kama wa wengine: maji ya mto Mgeta yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayoinywa nyumbani.

Hifadhi ya wanyama ya Mikumi ni habari nyingine. Wengi wanasubiri bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, liingie ndipo wachangishane Kosta, na hilo ni jambo zuri. Mkiwa wengi gharama inashuka, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho. Lakini barabara kuu ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi. Mwenye nauli ya basi tu anaweza kuona swala, nyani, twiga, na siku ya bahati tembo, bila kulipa geti. Simama Sangasanga asubuhi, panda basi la kwenda Mikumi au Ifakara, kaa dirisha la kulia, kwa sababu tambarare ya Mkata iko upande huo. Kiangazi ndiyo wakati wake, nyasi zikiwa fupi. Usimtupie nyani ndizi.

Bwawa la Mindu mtaliona kila mkienda mjini. Piga picha, lakini usiingie kuogelea; ni maji ya kunywa ya manispaa.

Mjini kwenyewe sina mengi. Soko la Chifu Kingalu kwa vyakula, Rock Garden kwa wanaotaka mawe, kijito na mtu wa kushikana naye mkono. Kivuli cha pale ni kizuri, siwezi kukibeza.

Wazazi wakija mahafali kwa treni ya SGR kutoka Dar, wapokee stesheni Morogoro na upange usafiri mapema, maana mizigo ya mama haipandi bodaboda. Wakibaki siku ya pili, wapeleke Mlali tu. Nyanya watakazonunua wao wenyewe watazibeba hadi Dar.