Kabla Hujapaka Rangi Sebule Yako Mwenyewe Hapa Lamu

Toa fanicha zote, kunja mikeka na mazulia, kisha ufunike sakafu kwa nailoni nzito. Zima umeme kabla ya kufungua vifuniko vya swichi. Ngazi ijaribiwe chini kabla ya kupandwa. Brashi ya bei ya chini kabisa usiinunue, kwani nusu ya nywele zake zitabaki ukutani.

Piga hesabu ya rangi mapema. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kuta za urefu wa mita 3 kina mita za mraba 54 za ukuta kabla ya kutoa milango na madirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba ukuta ukiwa laini, kwa hiyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, itataka karibu lita 11, na ukuta wenye mikwaruzo hunywa zaidi. Nunua yote kwa mara moja, kwa sababu kopo lililopungua huenda likasubiri mashua kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, na rangi iliyochanganywa siku nyingine hailingani sawasawa na ile ya kwanza.

Lililonigharimu mimi ni kutojua ukuta wangu umejengwa kwa kitu gani. Nyumba za Mji wa Kale, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hufyonza unyevu na kuutoa tena. Mimi nilipaka rangi ya plastiki inayong'aa, ile isifiwayo kwamba hufutika kwa kitambaa, mvua za masika zikiwa hazijakatika. Wageni walisifu. Kabla ya kaskazi kuingia, chini ya zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, palikuwa pametoka malengelenge. Nilipolitoboa moja kwa kidole maji yalichuruzika, na nyuma yake palikuwa na unga mweupe uliokuwa na ladha ya chumvi. Nikamlaumu mwenye duka, nikapiga msasa, nikapaka rangi ileile tena, na mara hii ilipobanduka iliondoka na lipu yake.

Fundi mmoja mzee aliutazama ukuta, akauliza, "Mwanangu, wewe ungevaa koti la mvua ukalala nalo?" Kisha akanifundisha yale ambayo ningepaswa kuyauliza mwanzo. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake zote kwa tepu, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone nyuma yake, usipake chochote. Tafuta kwanza maji yanakotoka: dari inayovuja, au bafu lililo upande wa pili wa ukuta. Chumvi iondolewe kwa brashi kavu, maana ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Mashimo yazibwe kwa chokaa na mchanga usiotoka pwani, wala si kwa saruji. Baada ya hapo paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono kadhaa, ukilowesha ukuta kidogo kabla ya kila mkono. Vaa miwani na glavu, kwa kuwa chokaa huunguza macho na ngozi.

Nyumba mpya ya matofali ya saruji haina masharti hayo yote na rangi ya maji inaifaa, ila lipu mpya iachwe ikauke kama mwezi mmoja. Kwa nyumba zote mbili mimi huchagua miezi ya kaskazi, Januari au Februari, hewa inapokuwa kavu.

Madirisha yawe wazi muda wote, na usiku wa kwanza mtu asilale humo. Watoto na paka wazuiwe mlangoni. Ukitumia rangi ya mafuta kwa milango, makopo ya thina yafungwe na kutolewa nje, na chetezo cha ubani kisiingizwe sebuleni hata kama harufu ya rangi inakuudhi.