Tapeti kava inavuja oili: namna ya kubadilisha gasketi ili isirudie kuvuja

Gari la zamani likianza kunuka oili inayoungua kila ukisimama kwenye foleni, usikimbilie kusema injini imekufa. Mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, yaani kile kifuniko cha juu kabisa kinachofunika kemshafti na vali. Gasketi yake ni ya mpira. Mpira huo ukipikwa na joto miaka nenda miaka rudi, unakauka, unakuwa mgumu na hauwezi tena kuziba. Oili inapata upenyo, inateremka ubavuni mwa silinda hedi na kudondokea kwenye manifoldi ya ekzosi. Hapo ndipo harufu na kile kimoshi chepesi vinapotoka.

Kazi yenyewe haina makubwa: racheti, soketi namba 10, matambara ya kutosha na nusu siku isiyo na haraka. Hata hivyo ni miongoni mwa kazi zinazorudi sana gereji, kwa kuwa watu wanaifanya kama kazi ya kukaza boliti. Hii ni kazi ya kusafisha. Kukaza ni dakika chache za mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Oili huteremka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo unapoiona inadondoka sipo inapotokea. Tapeti kava inayovuja upande wa nyuma hulowesha pale injini inapokutana na giaboksi, na mwenye gari anaambiwa sili ya nyuma ya krenki imekufa, giaboksi ishushwe. Kabla hujakubali kazi kubwa kama hiyo, safisha injini, ikauke, endesha siku moja, kisha pita na tochi na kioo kidogo. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Ukiwa na mashaka, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yaliyokauka. Oili itachora njia yake yenyewe.

Chomoa na koili (zinazopeleka moto kwenye plagi) moja moja. Ikitoka imelowa oili, sili za mashimo ya plagi nazo zimechoka. Hiyo mara nyingi ndiyo sababu ya gari kumisi, na kubadilisha plagi peke yake hakutasaidia.

Hatua ya 2: Angalia vali ya PCV kabla ya kununua chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Katika kila injini, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia chini kwenye krenki. Vali ya PCV na paipu zake ndizo zinazoitoa gesi hiyo na kuirudisha ichomwe. Ikiziba kwa tope la oili, presha inapanda ndani na inatafuta pa kutokea, na gasketi ndiyo mlango dhaifu. Ukiweka gasketi mpya juu ya PCV iliyoziba, umeahirisha tu.

Washa injini, iache sailensa (ingurume polepole bila kukanyaga mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili, kisha weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo, mfumo unapumua. Ikirushwa juu, chomoa vali ya PCV uitikise: nyingi zikiwa nzima hulia, kwa sababu ndani kuna kijipande kinachocheza. Isipolia, badilisha, na uzibue paipu zake. Vali ikiwa nzima, paipu ziko wazi, na bado hewa inatoka kwa nguvu, basi ringi zimechoka. Hapo gasketi itapunguza uvujaji lakini haitaumaliza, ni vizuri ulijue hilo mapema.

Hatua ya 3: Vifaa

Nunua gasketi kwa namba ya injini, si kwa jina la gari. Gari la aina moja linaweza kuwa limetoka na injini tatu tofauti. Pamoja nayo chukua sili za mashimo ya plagi na washa za mpira za boliti za kava. Hizo washa ni ndogo na watu huzidharau, ila zikishakuwa ngumu huvuja zenyewe. Ongeza silikoni ya gasketi inayostahimili oili, dawa ya kusafishia breki na kikwaruzo cha plastiki au mbao.

Hatua ya 4: Kufungua

Injini ipoe kabisa. Toa waya hasi wa betri. Piga picha za paipu na soketi za umeme zilivyokaa, kisha safisha juu na pembeni mwa kava kwa brashi kabla ya kulegeza boliti hata moja. Mchanga uliolala pale utaanguka juu ya kemshafti ukifungua ovyo.

Klipu za koili za zamani huwa zimekauka na hupasuka kama biskuti. Bonyeza klipu kwanza, ndipo uvute soketi yenyewe, usivute nyaya. Kama kuna oili kwenye mashimo ya plagi na unataka kutoa plagi, inyonye kwanza kwa bomba la sindano lenye mpira mwembamba, la sivyo itaingia kwenye silinda.

Legeza boliti kidogo kidogo, ukianzia pembeni kwenda katikati. Kava ikigoma kutoka, hesabu boliti tena; kuna moja iliyojificha chini ya nyaya. Kama zote zimetoka, igonge pembeni kwa nyundo ya mpira au kiganja. Usiingize bisibisi kati ya kava na silinda hedi. Mchubuko mmoja kwenye aluminiamu ni njia ya kudumu ya oili.

Hatua ya 5: Kusafisha

Ziba kwa matambara tundu la cheni na matundu ya kurudisha oili, na uandike umetumia matambara mangapi.

Toa gasketi ya zamani. Ikiwa imekuwa ngumu kama plastiki na inakatika ukiikunja, umepata mgonjwa wako. Vipande vilivyobaki kwenye mfereji wa kava vitoe vyote, hasa kwenye kona, ambako aliyetangulia aliweka silikoni. Mabaki ya silikoni ya zamani yanaweza kuwa membamba mno usiyaone, lakini gasketi mpya ikikaa juu yake haitaziba. Pitisha ukucha: ukikwama popote, bado.

Usitumie msasa wala zile diski za kusafishia zinazofungwa kwenye drili. Chembe zake ni ngumu kuliko beringi za injini, na zikiingia kwenye oili zitaenda kuzila. Kikwaruzo na subira vinatosha. Malizia kwa tambara lililoloweshwa dawa ya breki. Usipulizie dawa yenyewe ndani ya injini, wala usiiguse gasketi mpya nayo. Pitisha karatasi nyeupe ya tishu. Itoke nyeupe.

Kava nayo ikague. Ya bati hupinda kuzunguka matundu ya boliti kwa kukazwa kupita kiasi. Ilaze juu ya kioo bapa utaona inapocheza, kisha irudishe taratibu kwa nyundo juu ya ubao. Ya plastiki itazame kwa nyufa kwenye kona, na ikiwa imepasuka au imepinda, nunua nyingine. Ukikuta tope jeusi ndani, osha kwa mafuta ya taa, kausha mpaka kusibaki tone.

Hatua ya 6: Kuweka gasketi mpya

Gasketi ya mpira inakaa kavu. Ibonyeze kwenye mfereji kuanzia kona, kisha sehemu zilizonyooka, usiivute. Ikiwa inadondoka ukigeuza kava, vitone viwili vitatu vya silikoni ndani ya mfereji vitaishikilia.

Silikoni inahitajika mahali pachache tu: pale kava ya cheni inapoungana na silinda hedi, na kwenye kona za vile vizibo vya nusu duara mwishoni mwa kemshafti. Tone la milimita 3 hivi kila kona linatosha. Kuna mafundi wanaozungusha silikoni gasketi nzima "kwa usalama". Mimi sikubaliani nao. Gasketi inateleza ikikazwa, na silikoni inayofinywa kuelekea ndani hukatika, ikaenda kuziba chujio la oili chini kwenye sampo. Uvujaji utakuwa umeuzuia kwa kuhatarisha injini.

Ukishaweka silikoni, shusha kava wima ndani ya dakika chache kabla haijaanza kukauka. Toa matambara kwanza! Yahesabu.

Hatua ya 7: Kukaza

Ingiza boliti zote kwa vidole. Kisha anza katikati kwenda pembeni, ukibadilisha pande, mizunguko miwili: wa kwanza nusu ya nguvu, wa pili nguvu kamili. Boliti za milimita 6 kwenye kava nyingi hukazwa kati ya 8 na 12 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Nm 10 ni kidogo kuliko mkono unavyodhani: kwa racheti ya sentimita 15 ni kama kusukuma uzito wa kilo 7. Kama huna spana ya torki, shika racheti karibu na kichwa, tumia vidole badala ya bega. Boliti zenye bega (ile sehemu nene inayozizuia kuingia zaidi) zikifika mwisho, zimefika.

Ukizidisha, kava inajipinda katikati ya boliti na mpira unafinywa kutoka nje, kwa hiyo inavuja zaidi ya mwanzo. Na thredi ya aluminiamu ikishaliwa, utaenda kutafuta wa kuitia thredi mpya.

Hatua ya 8: Kuwasha na kufuatilia

Soma muda wa kukauka kwenye tyubu ya silikoni; nyingi hutaka saa 24. Rudisha koili, paipu na nyaya kwa kufuata picha zako, angalia kiwango cha oili, washa. Harufu na moshi kidogo vitaendelea mpaka oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi iungue, usifungue tena kwa hofu. Pita na tochi injini ikiwa sailensa, kisha tena baada ya siku chache za kuendesha.

Kwa injini za zamani zaidi zenye gasketi ya kahawia ya aina ya vizibo vya mvinyo, hiyo hulala, yaani hufinyika, ikishapata joto mara kadhaa, kwa hiyo kaza boliti tena kidogo injini ikiwa baridi. Ya mpira ikishakazwa sawasawa, iache ilivyo.