Namna ya Kujifunza Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Vijineno: Mfano wa "Take"

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza hufika mahali akagundua kwamba maneno yanayomtatiza si yale marefu. Neno "responsibility" hulikariri mara chache likakaa kichwani. Lakini "take", ambalo alifundishwa tangu shule ya msingi kuwa maana yake ni chukua, humgeuka pindi linapofuatwa na kijineno. Ndege "takes off", mtoto "takes after" mama yake, kampuni moja "takes over" nyingine, na katika sentensi zote hizo hakuna anayebeba kitu mkononi. Waingereza huviita vitenzi vya namna hii "phrasal verbs". Njia ninayoipendekeza hapa ni kushika kitenzi kimoja cha kila siku na kukaa nacho mpaka vijineno vyake vizoeleke, badala ya kukariri orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti.

Anza kwa kuitazama lugha yako mwenyewe, kwa sababu jambo hili si geni kwako kama linavyoonekana. Kutokana na chukua tunapata chukulia, kama tunaposema "usimchukulie vibaya", na tunapata chukuliana, yaani kuvumiliana. Kutokana na pata tunapata patana, ambako hakuna anayempata mwenzake, na kutokana na ona tunapata onea, ambalo ni tendo la kudhulumu. Kiswahili hubadili maana kwa kunyambua mwisho wa kitenzi, ilhali Kiingereza huweka neno dogo baada ya kitenzi. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyefundishwa patana kama hesabu ya pata ukijumlisha kiambishi. Alilisikia watu walipogombana kisha wakasuluhishwa, na akalishika pamoja na tukio lake. "Take off" nalo hushikwa hivyo hivyo.

Hatua inayofuata ni kukitafutia kila kijineno picha yake. Chukua "in", ambayo ni kuingia ndani, kisha tazama "take in" inavyotumika. Shangazi akimpokea mtoto wa ndugu yake aliyefiwa na wazazi na kumlea nyumbani kwake, "she takes him in": ameingizwa nyumbani. Msikilizaji akiyafuata maelezo ya daktari na kuyaelewa, "he takes it in": maneno yameingia akilini. Fundi cherehani akipunguza upana wa gauni, "he takes in the dress", na hapo kitambaa kilichozidi kimeingizwa ndani ya mshono. Mtu akitapeliwa na mfanyabiashara mwenye ulimi mtamu, "he is taken in", yaani ameingia mtegoni. Maana nne zilizoonekana kutengana kabisa zinakutana kwenye picha moja ya kitu kilichokuwa nje kikaingizwa ndani.

Hata hivyo, picha haitoshi bila muktadha. Mwanafunzi akiandika "I was taken in by my aunt", msomaji anaweza kuelewa kwamba shangazi alimhifadhi, na anaweza pia kuelewa kwamba shangazi alimdanganya. Kwa hiyo usiandike "take in" peke yake katika daftari lako na kuipa tafsiri ya neno moja. Andika sentensi nzima, yenye mtu na mahali, kama vile "My aunt took me in when I was seven", ambayo haiachi nafasi ya kukosewa.

Kwa "off" picha ni ya kuachana na kitu kilichogusana nacho: nguo inaachana na mwili, ndege inaachana na ardhi, mfanyakazi anayepewa ruhusa "takes a day off" na kuachana na kazi kwa siku hiyo, na muuzaji anayekubali kupunguza bei "takes something off the price". Kwa "on" picha ni ya mzigo kutua juu ya mabega, na Kiswahili kina neno kujitwika linalobeba wazo hilo hilo. Ndiyo maana "take on" hutumika kwa anayekubali jukumu, kwa mwajiri anayeongeza wafanyakazi na kwa timu inayokabiliana na mpinzani. "Take over" ni kupokea kijiti. "Take up" ni kuanza shughuli mpya, kama kilimo au kuogelea, ingawa fundi cherehani hulitumia kwa kupandisha pindo la nguo, na huo ndio mfano ulio karibu zaidi na picha ya kupanda juu.

"Take after" huwasumbua wengi bila sababu. Sisi husema mtoto amechukua sura ya bibi yake, na wengine husema amemfuata baba yake. Kiingereza kimeweka kuchukua na kufuata katika usemi mmoja. Jambo la kuangalia ni kwamba husemwa kwa ndugu wa damu waliotangulia, kama mzazi, bibi au shangazi. Marafiki wawili wanaofanana hawasemwi hivyo.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa maneno, ambao kwa maoni yangu unastahili muda mwingi kuliko maana zenyewe, kwa kuwa kosa la mpangilio husikika papo hapo. Mtu anaweza kusema "take off your shoes" au "take your shoes off", na zote mbili ni sahihi. Akitumia kiwakilishi, nafasi inabaki moja tu: "take them off". Hakuna Mwingereza atakayesema "take off them". Ili kulikumbuka hili, fikiria sentensi "nimevua viatu" na "nimevivua". Nomino kamili inakaa nje ya kitenzi, lakini kiambishi "-vi-" kinajipenyeza ndani yake, na hivyo ndivyo "them" inavyojipenyeza kati ya "take" na "off".

Kanuni hiyo haifanyi kazi kwa "take after", wala kwa "take to" yenye maana ya kuanza kumpenda mtu au kitu. Hapo kiwakilishi hufuata kijineno daima: "she takes after him". Kamusi nzuri za wanaojifunza lugha hukuonyesha tofauti hii kimyakimya, kwani huandika "take something off" kwa aina ya kwanza na "take after somebody" kwa aina ya pili. Wasomaji wengi huyaruka maneno "something" na "somebody" wakidhani ni mapambo, ilhali hayo ndiyo yanayoonyesha mahali pa kuweka kiwakilishi. Yanakili katika daftari lako kama yalivyo.

Unaposoma kwa sauti vitenzi vya aina ya kwanza, weka mkazo kwenye kijineno: katika "take it off", neno linalosikika zaidi ni "off". Mambo hubadilika kitenzi kinapogeuka nomino, kwa maana "takeover" na "takeaway" huandikwa kama neno moja na mkazo huhamia mwanzoni. Wakati uliopita unabaki ule ule wa "took" na "taken", na kijineno hakibadiliki kamwe.

Jihadhari pia na mahali pa kuvitumia vitenzi hivi. "Take" lililetwa Uingereza na watu wa Skandinavia waliohamia huko kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, na limebaki kuwa neno la nyumbani na sokoni. "Remove", "resemble" na "employ" yaliingia kutoka Kifaransa na bado yana harufu ya ofisi. Katika mazungumzo, anayesema "remove your coat" kwa mgeni wake husikika kama askari wa ukaguzi. Katika barua ya kuomba kazi, kinyume chake, "employ" hufaa kuliko "take on".

Kwa mazoezi, chagua vijineno sita vya "take", kipe kila kimoja ukurasa wake, na uandike chini yake sentensi tatu za kweli kuhusu watu unaowafahamu, kila moja na tafsiri yake ya Kiswahili. Kesho yake funika sentensi za Kiingereza na uzitamke kwa kutazama Kiswahili chake tu. Rudia baada ya wiki, safari hii ukibadilisha kila nomino kuwa kiwakilishi. Ukiona "take them off" inatoka bila kusita, hamia kwenye "put". Huko utakutana tena na "off", na "put off" yenye maana ya kuahirisha itaeleweka mara moja, kwa kuwa jambo lililoahirishwa limeachana na siku yake.