Gari la Mstaafu Anayependa Safari: Mwulize Kwanza Fundi wa Itigi

Fundi wa Itigi alifungua boneti, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akaishusha taratibu kama mtu anayefunika maiti. "Mzee wangu," akasema, "hili mimi nikiligusa nitakuharibia."

Gari lenyewe lilikuwa zuri kweli. Nililinunua miezi miwili baada ya kiinua mgongo kuingia: jeusi, viti vya ngozi, springi za upepo zinazopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Tulipoiacha Itigi kuelekea Rungwa, mfuko mmoja wa upepo ukapasuka, gari likalala tumbo kama ng'ombe aliyekula majani mabaya. Tulilikokota hadi kwa huyo fundi, na hatimaye likarudi Dodoma mgongoni mwa fuso, mimi na mke wangu tumebanana kabini na dereva aliyepiga stori njia nzima.

Nimefanya kazi ya visima vya maji miaka thelathini na kitu. Nimekaa kwenye Land Rover na Land Cruiser za serikali kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu, na bado nilikosea. Gari la kazini hukulichagua wewe. Kulikuwa na dereva, karakana na bajeti ya mwaka. La ustaafuni likiharibika, dereva ni wewe, karakana ni mti wa kwanza wenye kivuli, na bajeti ndiyo ile pensheni.

Kalamu kwanza, yadi baadaye

Chukua karatasi, andika safari utakazokwenda kweli kwa miaka miwili ijayo. Ya kwangu ilisomeka hivi: Kondoa, Babati hadi Arusha, lami. Iringa kwa njia ya Mtera, lami. Kutoka Iringa kuingia hifadhi ya Ruaha, vumbi lenye vijituta vinavyotikisa hadi meno ya bandia. Itigi, Rungwa, Chunya hadi Mbeya, humo kuna vipande vya kumwomba Mungu. Na shambani Bahi, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Kama karatasi yako ina lami tupu na kipande cha vumbi cha kwenda kijijini kiangazi, acha kusoma hapa. Nunua RAV4, hela inayobaki jengea banda la kuku. Sisemi kwa kejeli. Wenzangu wengi wananunua shangingi la kwenda nalo kanisani.

Kilichoniamulia mimi ni Bahi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna adabu. Unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama andazi. Hapo unahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na, zaidi ya hapo, lenye seti ya pili ya gia nzito, za kwenda polepole kwa nguvu. Itafute kabla hujaulizia bei: pembeni ya gia ya kawaida kuna kijiti kifupi, au swichi, chenye herufi H na L. Kama L haipo, hilo ni gari la mjini lililovaa buti za shambani. Kisha inama utazame chini. Gari la shida lina chesisi, yale mapande mawili marefu ya chuma yaliyobeba bodi. RAV4 haina. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na vijituta vya Ruaha vina njia zao za kuilegeza.

Nani atalitengeneza huko mwisho?

Swali hili ndilo lililonigharimu. Usiulize kama gari linatengenezeka Dodoma. Mjini hapa hakuna gari lisilo na fundi, au angalau mtu anayejiita fundi. Uliza kwenye mji wa mbali kabisa ulioko kwenye karatasi yako. Ukipita huko kwa basi, shuka, nenda gereji, hesabu magari yaliyofunguliwa chini ya mti. Tazama pia gari la wagonjwa ni la aina gani, la polisi ni lipi, askari wa wanyamapori wanapanda nini. Spea za magari hayo ndizo zilizoko dukani, na mikono ya vijana wa pale imeyazoea.

Ukanda huu wa kati jibu ni Land Cruiser na Hilux. Si kwa sababu hayaharibiki. Yanaharibika, ila yanaharibika kwa namna ambayo kila mtu anaijua.

Kwa Land Cruiser, tafuta injini iitwayo 1HZ. Ni ya dizeli, silinda sita zilizopangwa mstari, lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta kuendesha injini. Ni mvivu. Ukipandisha mlima nyuma ya lori, utakaa nyuma ya lori. Inakunywa pia: mimi napata kilomita saba hadi nane kwa lita nikiwa mpole. Lakini ukiilisha oili safi kwa wakati na usiiache ichemshe, itakuzika. Kitu kimoja isichokisamehe ni mkanda wa taimingi. Ubadilishe kila kilomita 100,000, na kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana, na hapo unafungua injini nzima.

Mpeleke mwenzako yadi

Mimi nilitaka mkonga, ile Land Cruiser ya kazi yenye bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Nimezeeka na mikonga, naijua sauti yake usingizini. Nikamchukua mke wangu hadi yadi, nikamfungulia mlango kwa bashasha. Akaweka mguu wa kulia, goti likakataa. Akajaribu wa kushoto huku ameshika kiti. Akakaa, akashuka kwa kujiachia kama gunia, akapangusa mikono. "Baba," akaniambia, "hili ni la kubebea wafungwa."

Basi fanyeni hivi: kila atakayesafiri apande na kushuka mara tatu mfululizo, gari limesimama pale pale. Mara ya kwanza kila mtu ni kijana. Ya tatu ndiyo inasema ukweli. Kisha ombeni kuliendesha kwenye vumbi nusu saa nzima, na anayeumwa mgongo akae nyuma. Mkonga una springi za vipande nyuma, imara sana kwa mzigo, ila likiwa tupu unarushwa kama mahindi kwenye ungo.

Tulichofikia ni Land Cruiser 105, lile la GX, ambalo taasisi na mashirika wamelitumia sana. Injini ni 1HZ ile ile, ekseli ya mbele ni nzima kama ya mkonga, lakini springi ni za kuviringika na milango ni minne. Fundi wa vyuma akatuchomelea kipandio kila upande, mke wangu akasema sasa ni gari la binadamu.

Jambo jingine la umri ni tairi la akiba. Tairi la 7.50R16 likiwa kwenye rimu ya chuma linazidi kilo 30. Mwambie dalali akupishe, lishushe mwenyewe, lirudishe mwenyewe. Ujanja wa kulipandisha kwenye nati bila kuumiza kiuno ni kukaa chini, miguu huku na huku, na kuliinua kwa sepetu iliyolala chini yake kama mtarimbo. Saizi hiyo naipenda kwa sababu Canter nyingi zinaivaa, kwa hiyo haikosekani hata kwenye vimiji vidogo. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoko ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzuri, yaani meno ya tairi, si hoja, mpira unazeeka kama sisi.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu wamekificha, maana injini mgonjwa huwashwa mapema ili mnunuzi asione inavyosumbua. Fungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya baridi, kisha liwashwe huku unatazama maji. Mapovu yasiyokwisha ni dalili ya gasketi au silinda hedi. Fungua na mfuniko wa oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa mgando, maji na oili vimeonana. Shika mkono wa dalali, muage vizuri, ondoka.

Lala chini. Hili usimwachie fundi peke yake. Pitisha kidole kwenye chesisi kutafuta sehemu zilizochomelewa, na magari yaliyotoka sehemu za theluji kule Japani yakague kutu mara mbili, kwa kuwa barabara zao humwagiwa chumvi. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Faini zinazodaiwa angalia mtandaoni kwa namba ya gari kabla hela haijatoka mfukoni.

Magurudumu manne usiyajaribie kwenye lami. Mengi ya magari haya, ukiunganisha magurudumu ya mbele kwenye lami kavu, yanajikaza na kuumia. Nenda kwenye mchanga wa korongo, weka L, panda, shuka, rudi nyuma. Kama hab za mbele, vile vizibo vya katikati ya gurudumu, zinafungwa kwa mkono, piga magoti uzifunge mwenyewe kwenye LOCK. Goti lako likikataa mchangani mchana kweupe, halitakubali kwenye matope usiku.

Kuhusu bei nitasema machache. Usinunue gari kwa hela yote. Mimi mara ya pili nilitenga sehemu moja ya tano kwa ajili ya mkanda, tairi, oili za difu na gia boksi, na bima kubwa. Iliisha yote ndani ya miezi mitatu, na sikujuta. Kilomita za kwenye dashibodi zichukulie kama umri wa bibi harusi: unasikia, unaitikia.

Safari ya kwanza iwe ya karibu lakini ngumu. Sisi tulikwenda Mpwapwa, tukapanda milima ya Kibakwe, tukalala, tukarudi kwa Kibaigwa. Usiku ule tandika boksi kubwa la karatasi chini ya gari, na alfajiri chukua tochi utazame matone: meusi ni injini, ya kijani au mekundu huenda ni ya rejeta au gia boksi, na yenye harufu kali ya kuoza ni difu. Mimi nilikuta doa moja la njano kwa nyuma, nikalala chini nusu saa nikilitafuta linakotoka. Lilikuwa alizeti. Dumu la mke wangu lilikuwa limevuja kwenye buti tangu Kibaigwa.