Kabla hujagusa ventileta (mashine ya kupumulia), shika futi kamba

Wenzangu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, tuongee ukweli, mgonjwa anaingia usiku yuko hoi, kila mtu mbio mbio, tyubu imeingia, halafu mtu anaseti mililita 500 za hewa kwa kila pumzi maana ndo mazoea, basi tunaendelea na mengine. Hapo ndo mapafu yanapoanza kuumia.

Mapafu hayanenepi jamani. Kinachokua ni kitambi, mapafu yanafuata urefu. Kwahiyo mnyooshe mgonjwa, mpime kisiginoni mpaka utosini kwa sentimita, toa 152.4, zidisha 0.91, halafu jumlisha 50 kama mwanaume au 45.5 kama mwanamke. Hizo ndo kilo za kupigia hesabu, zidisha mara 6 upate mililita za kila pumzi. Mama wa sentimita 160 anapata kilo 52 na kidogo, yaani kama mililita 315, hata kama mzani unasema 90! Ukifuata mzani ungempa 540.

Hii sio nadharia. Mwaka 2000 Marekani walitoa majibu ya wagonjwa 861 ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya, waliopewa mililita 12 kwa kilo walikufa asilimia 39.8, waliopewa 6 wakafa 31.

Ukishaseti, simamisha pumzi nusu sekunde mwisho wa kuingiza hewa, usome presha hapo. Isizidi sentimita 30 za maji. Wengi wanasoma ile ya juu kabisa inayorukaruka kwenye skrini, ile ina msuguano wa tyubu ndani yake, itakudanganya. Ikizidi shusha hewa ya kila pumzi mpaka mililita 5, hata 4 kwa kilo, na uongeze idadi ya pumzi, mwisho 35 kwa dakika. Kabonidayoksaidi itapanda kwenye damu, usipaniki, pH (kipimo cha asidi ya damu) ikiwa juu ya 7.2 wengi wanavumilia, ila mwenye jeraha la kichwa huyo usimfanyie hivyo kabisa.

PEEP, ile presha inayobaki kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi, isishuke chini ya 5, maana vifuko vya hewa vikisinyaa na kufunguka kila pumzi ni kama mfuko wa rambo uliolowa, vinachanika. Oksijeni ya damu asilimia 88 mpaka 95 inatosha, acheni kukimbiza 100.

Oksijeni bado inagoma kupanda? Mlaze kifudifudi, masaa 16 hivi kwa siku. Anayeshika tyubu kichwani ndo anahesabu, wengine mnageuza akisema yeye, hata kama daktari bingwa kashika miguu.