Fyekeo kuukuu la trekta: anza na ile bolti ndogo

Kila mwaka mvua zinapoelekea kuisha, kati ya Machi na Aprili, naitwa kwenye mashamba ya kuzunguka Lubumbashi, barabara ya Kipushi, ya Kasenga na ya Likasi, kwa swali lile lile: "Agronomu, nimepata fyekeo la zamani la trekta, nilitumie ao niliache?" Nikifika nakuta mwenye shamba ameshajijibu. Visu vimenolewa, bati limepakwa rangi, grisi imejaa hadi inamwagika. Halafu naangalia pale shafti inapoungana na giaboksi, kwenye tundu la bolti ndogo kuliko zote, nakuta amepigilia bolti ngumu ya lori.

Ndugu zangu, bolti hiyo imewekwa ili ikatike. Shafti ya nguvu inayotoka nyuma ya trekta inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Kisu kikigonga kisiki kilichofichwa na nyasi, au ukingo wa kichuguu, ile nguvu haipotei, lazima itafute pa kutokea. Bolti ikiwa laini inakatika, visu vinasimama, unazima trekta, unashuka, unaweka nyingine. Dakika kumi. Bolti ikiwa ngumu inabaki nzima, na badala yake yanakatika meno ya giaboksi, au unapasuka msalaba wa shafti (kile kiungo chake kinachopinda), au madhara yanapanda hadi ndani ya trekta yenyewe. Bolti laini moja haifiki hata bei ya nusu ya mfuko wa makala. Giaboksi utaitafuta miezi, na ukiipata utauza mihindi yote ya msimu.

Mzee mmoja wa upande wa Kasenga alikata bolti nne kwa siku tatu. Kijana wake wa trekta akachoka kushuka, akaweka bolti aliyoiokota gereji. Siku ya nne kasha la giaboksi lilipasuka, oili yote ikamwagika kwenye nyasi. Majani yaliyobaki yalisimama hadi Julai, moto ukaja nayo mpaka kwenye ghala. Mzee alilaumu ubovu wa mashine. Mashine ilikuwa imemwonya mara nne! Alikuwa anafyeka sentimita 5 kutoka chini, kwenye shamba lenye visiki vya miombo. Bolti inayokatika kila siku inakuambia unakata chini mno, au unakwenda mbio, au unalazimisha miti minene kuliko uwezo wa mashine. Kwa ardhi yetu ya vichuguu na visiki, inua hadi sentimita 15, na shamba likiwa halijawahi kufyekwa na trekta, 20. Chipukizi lililozidi unene wa kifundo cha mkono liachie panga.

Utaijuaje bolti? Soma kichwa chake. Kama imeandikwa namba mbili zenye nukta katikati, ile ya kwanza ndiyo inayokuhusu: 4.6 ni laini, 8.8 ni ya kati, 10.9 ni ngumu, inavumilia kuvutwa mara mbili na nusu ya 4.6. Bolti za inchi hazina namba, zina mistari: kichwa kitupu ni laini, mistari mitatu ni ya kati, sita ni ngumu. Kitabu cha mashine kikiwapo, fuata kitabu, mjadala umekwisha. Kikiwa kimepotea, na mara nyingi kimepotea, anza na 4.6 inayojaza tundu sawasawa. Ikikatika bila kisu kugonga kitu, usikimbilie ngumu. Pima tundu kwanza. Bolti ya milimita 10 ndani ya tundu lililolika hadi 12 inagongwa kila mzunguko na itakatika yenyewe hata ingekuwa mpya. Hapo kinachotakiwa ni fundi kurekebisha tundu. Tundu likiwa zima na bolti bado inakatika bure, ndipo ujaribu 8.8. 10.9 kamwe. Tena, sehemu inayokatwa iwe ile laini ya shingo ya bolti, isiwe kwenye hesi, yaani zile nyuzi za kukazia nati. Msumari, kipande cha nondo, na kuchomelea, sitaki hata kusikia. Najua bolti ngumu ndizo rahisi kupata mjini kwetu, kwa kuwa malori ya mgodi yanaziacha kila gereji. Urahisi huo ndio unaotuponza.

Mafyekeo mengine hayana bolti ya kukatika, yana klachi ya sahani: sahani kadhaa zilizobanwa na springi ili ziteleze mzigo ukizidi. Watu wanafurahi, wanadhani wamepona. Klachi iliyolala nje misimu miwili ya mvua imeshikana kwa kutu, ni chuma kimoja, hatari yake ni ile ile ya bolti ngumu. Kabla ya kufyeka hata mita moja, trekta ikiwa imezimwa, pima urefu wa kila springi kwa kalipa (kipimo cha milimita chenye taya) na uandike. Chora mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye kingo za sahani zote. Legeza nati zote hadi springi zizunguke kwa vidole. Shusha fyekeo karibu na ardhi, ondoa watu, washa trekta kwa mwendo wa chini, shirikisha shafti kwa sekunde 2 hadi 3 tu, kisha zima kabisa na usubiri visu visimame. Angalia mstari wako. Ukivunjika vipande, sahani zimeteleza: rudisha springi kwenye urefu ule ulioandika. Ukiwa bado umenyooka, fungua klachi yote, sugua kutu kwa msasa, na bitana (zile pedi za msuguano kati ya sahani) zilizobaki chini ya milimita 1.5 zibadilishe. Angalizo kwa wale walionunua mkononi mwa mtu: kama ulikuta springi zimebanwa hadi mikunjo yake inagusana, aliyekutangulia aliikaba klachi isiteleze. Urefu huo usiurudishe. Kaza kidogo kidogo, robo mzunguko kila nati, mpaka iache kuteleza kwenye nyasi za kawaida, na uishie hapo. Kazi hii inarudiwa kila mwanzo wa msimu, hata kama mwaka jana ulifanya vizuri.

Bolti au klachi ikishakaa sawa, uamuzi uliobaki si mgumu. Fungua giaboksi: oili ya rangi ya maziwa ina maji, imwage, weka oili mpya ya giaboksi namba 90, halafu utafute maji yaliingilia wapi. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, liache. Weka magogo imara chini ya fyekeo lililoinuliwa (haidroliki peke yake usiiamini kamwe na mwili wako uko chini), shika mhimili wa visu, usukume juu na chini. Ukicheza, beringi zimekwisha. Hapo ulizia bei ya beringi na sili kabla ya kukubali. Visu vibadilishwe viwili pamoja, uzito sawa.

Hesabu meno ya shafti ya trekta: 6 ni ya 540, 21 ni ya 1000. Fyekeo la 540 likifungwa kwenye 1000 halifiki jioni.

Mabomba mawili ya shafti yawe yameingiliana angalau theluthi moja ukiwa kazini, na ukiinua fyekeo yabaki na nafasi ya sentimita 2.5 yasigongane mwisho. Kifuniko cha plastiki kikiwa kimevunjika, kazi haianzi. Shafti ya mizunguko 9 kwa sekunde inavuta kitenge na mtu wake kabla hajapiga kelele. Na wenye trekta za zamani zenye klachi moja tu: uzito wa visu vinavyozunguka unaendelea kuisukuma trekta mbele hata ukikanyaga klachi. Inatakiwa ile klachi ndogo ya kuzunguka upande mmoja kwenye shafti. Bila hiyo, karibu na mto au ukuta msiende.

Watoto wanaofuata trekta kutafuta panya warudishwe, mita 100 si nyingi. Jiwe linatoka na kasi ya visu, ambavyo ncha zake zinapita kilomita 200 kwa saa. Minyororo ya kuzuia mawe mbele na nyuma iwe kamili.

Fyeka mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, nyasi zikiwa bado na ubichi na ardhi imeanza kubeba trekta. Anayeniambia atafyeka njia ya kuzuia moto mwezi wa Agosti namkatalia wazi: kisu kikigonga jiwe kinatoa cheche, na nyasi za Agosti hazingoji cheche ya pili.

Ukifyeka vizuri, bolti moja itakutosha siku nyingi na giaboksi utaigusa kwa kiganja bila kuungua.

Bolti za akiba zikae kwenye trekta, ndani ya kopo lenye kifuniko, kumi, zote za namba ile ile, pamoja na spana yake. Kijana wa trekta asipewe sababu ya kwenda kuokota gereji.